Winga Alilala kwa Mama Povu, Si Hotelini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyuma ya jukwaa la uwanja wa klabu ambayo mji mzima unaiita Sokoni, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Hafui bado. Ndoo zimejaa maji, sabuni iko kwenye kopo, lakini hajagusa chochote. Anazipanga jezi za mechi ya jana kwa namba, kuanzia ya kipa mpaka ya mtu wa mwisho benchi, na kila moja anaigeuza mbele na nyuma.

"Hii itazame," anamwambia mwandishi, akiinua bukta namba sita. "Dakika tisini, halafu nyeupe pe! Huyu jana alikuja kupunga upepo."

Anaitwa Mama Povu. Jina la kwenye kitambulisho analo, ila hapa uwanjani halijui mtu, na mwenyewe hataki liandikwe. "Andika Mama Povu hivyohivyo," anasema. "Na leo povu nitalitoa kweli."

Ana kila sababu ya kulitoa. Mwisho wa mwezi huu ameamriwa kukabidhi ufunguo wa chumba hiki cha kufulia, alichokishika kwa miaka kumi na minne. Barua aliyopewa ina mistari minne. Mmoja ni wa salamu, mmoja ni wa kumtakia kila la heri.

Jezi thelathini na tatu kwa wiki, bukta zake, soksi zake, vizibao vya mazoezi na viatu. Vyote kwa mikono. Malipo yake ya mwezi, kwa hesabu yake mwenyewe, hayafiki bei ya pea moja ya viatu vya winga mpya wa klabu. Na huyo winga mpya ndiye kiini cha habari hii, maana bila Mama Povu leo angekuwa anavaa jezi ya mahasimu wao, Stesheni.

Hayo si maneno ya kumpamba. Kocha msaidizi wa Sokoni anayathibitisha, tena kwa aibu kidogo.

Mapema mwaka huu Sokoni walicheza mechi ya kirafiki na timu ya daraja la tatu. Wageni walikuja na jezi za rangi ileile ya wenyeji, ikabidi waazimwe seti kuukuu ya mazoezi. Mechi ikaisha, wageni wakaondoka, nguo zikarudi kwa Mama Povu. Akazipanga chini kama kawaida yake kabla ya kuloweka.

"Nikafika namba ishirini na tatu, nikasimama," anasimulia. "Bukta ina alama za njumu, soksi zina alama za njumu, jezi mgongoni ina alama za njumu. Na mimi njumu za mabeki wetu nazijua, si ndiye ninayevisugua viatu vyao? Nikahesabu. Wote wanne walikuwa wamemkanyaga. Nikasema, ebo! Mtu hakanyagwi na mabeki wanne kama hajawapita wote wanne."

Aliichukua bukta mbichi hivyohivyo, na tope lake, akampelekea kocha msaidizi ofisini. Kocha akacheka. "Nilimwambia, mama, siku hizi umekuwa skauti?" anakumbuka. "Kusema kweli, kipindi cha pili sikukiona. Nilikuwa nje, kwenye simu."

Lakini wiki iliyofuata, pengine ili amnyamazishe, alikwenda kumtazama namba ishirini na tatu akicheza kwao. Alirudi mbio. Kijana wa miaka ishirini na mbili, mguu wa kushoto, kasi ya kutisha, na hakuna klabu kubwa iliyokuwa na habari naye.

Siku tatu baadaye Stesheni nao walikuwa na habari zake. Nani alivujisha, mpaka leo wanashukiana. Winga alishawapa Sokoni neno lake, ila barua ya kuruhusiwa kuondoka kwenye klabu yake ilihitaji siku nne kukamilika, na dirisha la usajili lilikuwa linafungwa siku hiyohiyo ya nne. Wapambe wa Stesheni wakazagaa mji mzima. Gari lao moja liliegeshwa mbele ya hoteli kubwa, jingine kituo cha mabasi, la tatu likakaa kabisa mbele ya geti la uwanja wa Sokoni. Walikuwa na mkataba mnono na kalamu iliyofunguliwa kabisa.

Hapo ndipo naibu katibu wa Sokoni alipoingia chumba cha kufulia, suti na yote, akafunga mlango.

"Mama, nisitiri," alimwambia.

"Nikamuuliza, nikusitiri na nini, mwanangu?"

"Kuna mtu naomba akae kwako siku nne. Hotelini watamchukua."

Mama Povu alikubali. Hakuuliza malipo, na hakupewa. Tatizo lake lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa limekaa nyumbani likimsubiri: mume wake.

Mume wa Mama Povu ni fundi viatu, na ni Stesheni damu. Kwenye kibanda chake cha kazi kuna bendera ya Stesheni, na hata kiti anachokalia amekipaka rangi zao. Kwa miaka ishirini na saba ndoa yao imedumu kwa sheria moja, kwamba siku ya mechi ya watani kila mtu anapika chai yake.

Basi winga akaletwa na begi moja, akatambulishwa kama mtoto wa dada yake Mama Povu, fundi bomba, amekuja mjini kutafuta kazi. "Shikamoo, baba mkubwa," akasema mlangoni, na mzee akampenda papo hapo.

Zikawa siku nne za ajabu. Kila mchana mzee alirudi kula, akafungua redio kwenye taarifa ya michezo, na redio ilikuwa na habari moja tu: winga aliyepotea. Mzee akawa anamfafanulia mgeni wake mambo.

"Ananiambia, mwanangu, yule kijana lazima asaini kwetu, labda awe hana akili," anasimulia winga mwenyewe, tuliyekutana naye baada ya mazoezi. "Mimi naitikia tu, ndiyo, baba mkubwa. Ananiuliza, au wewe unaonaje? Nasema, mimi mpira siujui, baba mkubwa. Halafu nainamia sahani."

"Na mimi nampa kipande kikubwa cha nyama!" anadakia mzee, tulipomfikia kibandani kwake. "Nimemnenepesha adui mezani kwangu siku nne! Kisha nikamwambia, kwa kuwa wewe ni fundi bomba, hebu nitazamie bomba la jikoni, linadondosha maji."

Hilo bomba mwandishi ameliona. Winga aliomba spana, akakaa nalo kwa saa nzima ili asiumbuke. Lilikuwa linadondosha tone moja moja. Toka hapo likawa linatiririka, likafungwa kitambaa cha jezi kuukuu ya mazoezi. Fundi wa kweli aliyeitwa baadaye alisema uzi wake, ile mikato ya kukazia, umeharibiwa na mtu asiyejua anachofanya, linatakiwa jipya.

Siku ya nne barua ikapatikana. Winga alitakiwa afike ofisi ya klabu kabla ya saa sita mchana, na gari la Stesheni lilikuwa bado limekaa getini, ndani yake wanaume wanne wenye picha yake. Viongozi wa Sokoni wakapiga simu kumi, kila mmoja na mbinu yake, mara gari la wagonjwa, mara pikipiki. Mama Povu akachoka kuwasikiliza.

Alimfunga winga furushi la vizibao vya mazoezi, vichafu, vinanuka, akamtwika kichwani. Mwenyewe akabeba ndoo. Wakatembea mpaka getini kwa miguu, saa nne na nusu asubuhi, jua kali, wakapita ubavuni mwa gari la Stesheni.

"Mmoja alikuwa ameegemea mlango," anasema. "Akasogea. Akasema, pisha hao wapite na nguo zao. Akaziba pua. Hakumtazama hata usoni, wala mimi hakunitazama. Mtu aliyebeba nguo chafu nani anamtazama?"

Saa tano na dakika ishirini winga alikuwa amesaini. Wapambe wa Stesheni walizipata habari redioni, wamekaa palepale getini. Mji ulilipuka. Watu walipanda juu ya magari na honi zikapigwa mpaka jioni. Nyumbani kwa Mama Povu, mzee alifungua gazeti la kesho yake, akaiona picha ya mgeni wake, akalikunja, akarudi kibandani. "Siku mbili sikusema na mke wangu," anakiri. "Nilikuwa namkodolea macho tu."

Haya yote yangekuwa kichekesho cha kusimulia wajukuu. Kilichofuata si kichekesho hata kidogo.

Jumamosi yake klabu ilimtambulisha winga mbele ya wanachama na waandishi. Mama Povu alivaa gauni lake la harusi za watu, akafika mlango wa ukumbi. Mlinzi aliyekuwa akimsalimia kila asubuhi kwa miaka sita akamzuia. Jina lako halipo kwenye orodha, mama, nenda ukae kule kwako, wakikuhitaji watakuita. Akakaa kule kwake, chumba cha kufulia, akisikiliza kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya jukwaa.

Mwenyekiti akaishukuru kamati ya usajili. Akaushukuru mfumo wa kisasa wa kusaka vipaji wa klabu. Kisha akasema, na mwandishi wa makala haya alikuwepo akaandika kwa mkono wake, kwamba klabu ilimhifadhi winga kwa siku nne "katika hoteli ya hadhi, chini ya ulinzi mkali".

Makofi.

"Hoteli!" Mama Povu anaitupa bukta namba sita kwenye beseni mpaka maji yanaruka. "Nimemfulia mashuka! Nimemwachia kitanda cha wanangu, nikamdanganya mume wangu wa ndoa! Leo naambiwa hoteli! Hata aibu hawana, jamani?"

Winga naye alisimama akasoma karatasi. "Waliniandikia cha kusema," anasema, na sasa hatazami mtu. "Mstari wa hoteli ulikuwemo. Nikausoma. Tangu siku ile, nikipita pale kwa mama mkubwa nataka ardhi ipasuke." Bado anamwita mama mkubwa.

Wiki mbili baada ya makofi hayo, usajili uleule ukaleta mdhamini, mdhamini akaleta kampuni ya kufua kwa mashine, na kampuni ikaleta ile barua ya mistari minne. Yaani mwanamke amewatafutia winga, amewafichia winga, amewavushia winga, na zawadi yake ni kunyang'anywa ufunguo.

Tulimpigia simu katibu wa klabu. "Klabu inakwenda kisasa," alijibu. "Yule ni mama yetu, tunamheshimu sana." Tukamuuliza, je, winga alilala hoteli gani? Akasema yuko kikaoni. Kwenye klabu hii, ukisikia umeanza kuitwa mama yetu, jua umeshakwisha. Naibu katibu, yule wa "mama, nisitiri", simu zetu hazipokei kabisa.

Lakini kuna jambo viongozi wamelisahau. Mkataba wa kampuni ya kufua hauwi mkataba mpaka upitishwe na mkutano mkuu wa wanachama, na mkutano huo ni Jumapili hii. Mama Povu ni mwanachama. Kadi yake ameilipia kila mwaka kwa miaka kumi na minne, na ameihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Kwa katiba ya klabu, mwenye kadi hai hazuiwi mlangoni wala hanyimwi swali.

Mzee amesema atamsindikiza. Katika maisha yake hajawahi kukanyaga uwanja wa Sokoni, na ameapa ataishia getini. "Mimi Stesheni mpaka kaburini," anasema, akigonga msumari kwenye soli kwa nguvu kuliko inavyohitajika. "Lakini nyumba yangu imeitwa hoteli ya hadhi, basi waniletee nyota zangu nizibandike mlangoni! Na mke wangu wasimchezee. Kumtania ni haki yangu mimi peke yangu."

Matumaini ya Mama Povu ni madogo, ukiyasikia utaona aibu kwa niaba ya wanaomnyima. Yeye mashine hazikatai. Anataka zije, afundishwe kuziendesha, na ufunguo ubaki mkononi mwake. "Mashine inafua, sawa. Inaweza kukwambia namba sita hakucheza?"

Swali lake la Jumapili ameshaliandaa. Alikuwa na mengi, ameyapunguza mpaka limebaki moja. Mwenyekiti atakuwa mezani, naibu katibu pembeni yake, na winga, kwa kuwa ndiye fahari ya msimu, atakaa mbele kabisa wanachama wamwone. Mama Povu atasimama na kadi yake mkononi na lile bomba la jikoni kwenye mfuko. Mzee amekwisha kulifungua, nyumbani wanateka maji kwa ndoo mpaka mkutano upite.

Sasa hivi analitoa mbele ya mwandishi, analiweka sakafuni katikati ya jezi, uzi wake umelika upande mmoja.

"Nitaliweka mezani mbele yao," anasema. "Kisha nitauliza: kama huyu alilala hotelini, bomba langu kaliharibu nani?"