Bakuli la Jirani wa Iowa

Nilikwenda Iowa, Marekani, kumchukua mdogo wangu. Mumewe alikuwa amefariki, mtoto hawakujaliwa, na mama alinipigia kutoka Morogoro mara tatu: mwanangu hawezi kukaa peke yake katika mji usio na hata basi. Niliafiki. Kwangu Edmonton, kaskazini mwa London, kuna chumba, kazi ya kutunza wazee haikosekani, na Waswahili tumejaa. Nilijua nitarudi naye, maana nikishikilia jambo siachii.

Siku ya pili, yeye akiwa kazini, nikatoka kuukagua mji. Nusu saa ilitosha: barabara moja kubwa, benki, makanisa manne, duka la vifaa vya shamba, kisha mahindi mpaka macho yachoke. Hakuna atembeaye kwa miguu. Magari mawili yalisimama kuniuliza kama nimeharibikiwa gari. Nilirudi nyumbani hoja zangu zimekamilika.

Jikoni kulikuwa na bakuli la kioo ambalo mdogo wangu alisema ni la jirani. Sisi hatukulelewa kurudisha chombo cha mtu kitupu. Nikalijaza pilau, nikalipeleka nyumba ya kushoto. Mzee mmoja akafungua, akalitazama kwa muda, akalipokea kwa mikono miwili.

Jioni mdogo wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Bakuli lilikuwa la mama wa nyumba ya kulia. Mama huyo alimletea mdogo wangu chakula wiki ya msiba, naye akalirudisha na maandazi, likaja tena na supu, na tangu hapo halijapumzika. Nilifurahi kumsikia akicheka, ila nilijisikia mjinga.

Asubuhi yule mzee alibisha hodi. Bakuli lilikuwa limeoshwa na kujazwa mahindi ya kuchemsha, bado ya moto.

"Nimeliona kutoka dirishani kwangu likienda na kurudi majira yote ya baridi," alisema. "Nilidhani zamu yangu haitafika."

Alipoondoka, nikaanza hotuba yangu ya London. Mdogo wangu alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, huku akimenya mahindi.

"Dada, jirani yako wa Edmonton anaitwa nani?"

Miaka kumi na moja mimi na jirani huyo tumetenganishwa na ukuta mmoja. Kikohozi chake nakijua, jina silijui. Nikachukua simu, nikampigia mama, nikamwambia mtoto wake anabaki.