Jeneza la Programu

Asubuhi ile Petra alikula wali wa jana, uliokaangwa kwa kitunguu saumu, na samaki mkavu, kasimama. Mumewe Crisanto alikuwa mezani anapiga msasa mfuniko wa jeneza.

Lilikuwa jeneza dogo la plaiwudi, mtu anaweza kulibeba kwapani.

"Mzee, acha kulipamba. Linazikwa leo hii hii."

"Halina kipimo hili. Marehemu ana urefu gani?"

"Marehemu ni makaratasi."

"Mangapi?"

"Nitajuaje? Kila mtu ataandika yake. Wewe lifanye kubwa tu, usinibanie."

Crisanto ni seremala tangu ujana, shule hakuikanyaga. Lakini jambo moja alilijua, kama kila mtu wa Cebu, kule Ufilipino, anavyolijua: jeneza hupimwa sawasawa na maiti. Likibaki na nafasi, litaita mwingine. Hakulisema. Makaratasi si maiti.

Petra akalifunga kwa shuka, akalikumbatia, akatoka. Nje jirani yao Iluminada alikuwa anafagia.

"Mungu wangu! Petra, nani kafa?"

"Programu."

"Maskini. Alikuwa anaumwa?"

"Alilelewa vibaya, dada. Na sisi ndio tuliomlea."

Crisanto akamsikia anacheka mpaka kwenye kona. Hakumuaga. Hakuona sababu.

Petra alikuwa na miaka hamsini na minane. Alianza kazi kwa kupokea simu za wateja wa Marekani, akapanda, mwisho akawekwa kusimamia mikutano ya vijana wanaotengeneza programu za kompyuta. Kila baada ya wiki mbili vijana hao huweka kazi chini wakajiuliza: kipi kimekwenda vizuri, kipi kimetuangusha, tubadili nini. Mkutano wa kutazama nyuma. Wakubwa hawaingii, na mwenye kosa hatafutwi. Sheria hiyo Petra aliishika kama rozari.

Ila vijana walikuwa wanasinzia. Basi akaanza vituko. Safari moja aliwavisha aproni, kila mmoja aseme kwenye kazi yake kipi kimeungua na wapi chumvi imezidi. Safari nyingine alitaka majogoo ya kupigana, kila tatizo na jogoo lake, wachague la kuanza nalo. Majogoo aliyachonga Crisanto. Hakuelewa ni ya nini. Aliyachonga kwa sababu yeye ndiye aliyeomba.

Sasa programu ya mahoteli waliyoihangaikia mwaka mzima ilikuwa imeanguka siku ya kuzinduliwa, na mteja akaondoka. Vijana wakaacha kuzungumza. Hata kula pamoja wakaacha. Petra akasema hawa wamefiwa, wafanyiwe mkesha: jeneza, mishumaa, kahawa na biskuti.

Kabla ya chakula cha mchana simu ikaita.

Crisanto alifika hospitali na vumbi la mbao kwenye nyusi. Daktari akamweleza kwamba mshipa umepasuka kichwani mwa Petra na hakupona. Akasema sawa. Akaelezwa tena, akasema sawa, kisha akauliza atatoka saa ngapi.

Mkesha wa kweli ukawekwa nyumbani. Watu wakajaa, karata zikachezwa, kahawa haikukatika. Crisanto alikuwa akiangalia mlango kama mtu anayemngoja mwenye nyumba. Alitaka kitu kimoja tu, ajue mkewe alisema nini mwisho. Kwake aliondoka na kicheko, na kicheko si neno.

Vijana wa kazini aliwauliza mmoja mmoja.

"Alikuwa na furaha, baba."

"Hakuteseka, baba."

Kisha wanatazama viatu.

"Nyie mna nini?" akawaambia. "Nauliza maneno, mnanipa pole."

Siku ya tatu, mchana, kijana mmoja akasimama getini na hakuingia. Aliitwa Rowel. Sehemu ya programu iliyoanguka ilikuwa kazi ya mikono yake.

"Ingia."

"Siingii, baba. Mimi ndiye niliyemuua."

Crisanto akashika nguzo ya geti.

"Kila mtu aliandika kilichomuuma," Rowel akasema, "akakitumbukiza kwenye jeneza. Makaratasi hayakufika hata robo. Nikapiga kelele, jamani, nafasi imebaki, litaita mwingine! Tukaanza kulijaza. Makoti, pakiti za ngozi ya nguruwe ya kukaanga, viatu vyangu. Mama Petra akacheka mpaka akashika meza. Tulikuwa hatujacheka tangu lile balaa. Ndipo bosi akatusikia."

"Bosi si haingii?"

"Aliingia. Anasema, kampuni inazama nyie mnacheka? Nataka jina la aliyeiua hiyo programu. Nikanyoosha mkono, baba. Mama akaushika, akaushusha."

Crisanto akayasikia tena maneno ya mkewe. Kubwa tu, usinibanie.

"Kisha?"

"Akamjibu. Na mama huyu hajawahi hata siku moja kumwita bosi bila bwana mbele! Tuliganda. Bosi naye aliganda. Halafu akavuta kiti akakaa, bosi mzima. Mama akageuka, akanikonyeza. Ndipo akaanguka." Rowel akafuta pua kwa mkono wa shati. "Tuliogopa utasema alikufa akigombana. Kwa ajili yangu."

Crisanto akafungua geti. Akamshika kijana bega, akamvuta ndani, akamkalisha kwenye benchi lake la kazi.

"Alimwambia nini? Sema kama alivyosema yeye. Usipunguze."

Rowel akajiweka sawa kwenye benchi.

"Alisema: 'Mwanangu, hapa ni msibani. Kama unatafuta muuaji, umekosea mlango. Kama na wewe umefiwa, kaa, biskuti zile pale.'"