Watulivu Mbele

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Muuguzi Mkuu wa kliniki yetu ndogo kando ya ziwa hakunionyesha dawa wala sindano. Alinipeleka kwenye mizani. Ilikuwa ya kuning'iniza: imefungwa kwenye boriti, mtoto anavalishwa kaptula ya turubai yenye kamba, anainuliwa miguu ikielea. Wengi walipiga yowe hapo hapo.

"Binti, hapa sheria ni moja," aliniambia. "Watulivu mbele. Wanaolia wasubiri wanyamaze, la sivyo hatutakula mchana."

Niliishika sheria hiyo kuliko yeye mwenyewe. Nilikuwa mtu wa haraka, na nakiri, nilipenda kusifiwa. Akina mama wenye wasiwasi, wanaouliza jambo moja mara tano, mara nyingi ndio waliokuwa na watoto wasiobembelezeka. Niliwaweka mkiani na kuwasema: "Umemdekeza huyo." Sikujiuliza nani kamwambukiza mwenzake hofu.

Aliyekuwa mbele kila mwezi ni Kabula. Mumewe alipunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akaenda machimboni, hakurudi. Mwanawe Masanja hakulia kwenye mizani. Hakulia hata kwa sindano ya chanjo. Nilimwinua foleni nzima imwone: "Mnamwona huyu? Huu ndio ulezi." Kabula alitazama sakafu. Mstari wa uzito kwenye kadi ulikuwa unapanda vizuri. Dakika mbili, amemaliza.

Kuna mwezi mmoja, baada ya kupima, Kabula hakuondoka. Alikaa ukingoni mwa benchi.

"Nesi, naomba nikae hapa kidogo."

"Masanja anaumwa?"

"Hapana."

"Wewe je?"

"Siumwi. Ila nyumbani najikuta nimekaa tu, mpaka jua linazama. Na yeye kanyamaza. Zamani alikuwa analia."

"Mshukuru Mungu basi, Mama Masanja. Wapishe wenye matatizo."

Akainuka. Alisema asante.

Mwezi uliofuata Masanja aliletwa na bibi yake. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, kisha akaniambia wamemzika Kabula. Aliingia ziwani kwa hiari yake, asubuhi, wenzake wakifua. Nikamning'iniza mtoto. Bibi akashindwa kujizuia, akatoka nje. Masanja hakugeuza hata shingo kumfuata.

Hapo ndipo nilipomtazama kwa mara ya kwanza. Mtoto hulia akitegemea kuitikiwa. Huyu alikuwa ameacha kutegemea, na mama yake aliacha kabla yake. Siku hizi ninyi wauguzi vijana hali ile ya Kabula mnaiita sonona, na mnafundishwa kumuuliza mama habari za usingizi wake na hamu yake ya kula. Mimi nilikuwa naambiwa bila kuuliza, nikamfukuza kwenye benchi.

Nilimwomba Muuguzi Mkuu tuifute ile sheria.

"Na foleni utaiweka wapi?" aliuliza.

Nikarudi kwenye mizani. Nilihamishiwa mjini Nyamagana, baadaye Buswelu. Kote foleni ilikuwa ndefu, na kote, naona aibu kuandika, niliita watulivu mbele.

Siku ya kuagwa nilipostaafu, mgeni rasmi alisema nitakumbukwa kwa kupunguza foleni. Ukumbi ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Mstari wa nyuma, mgongoni mwa mama mmoja, kulikuwa na mtoto ambaye hakushtuka. Nilimwona vizuri sana. Nikabaki kwenye kiti changu cha heshima.