Kidole cha dada wa mazoezi

Dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali ya Mikumi hamgusi mgonjwa kabla hajasugua viganja vyake vikapata joto. Mzee Sempele, mfugaji aliyeachwa na kiharusi mkono umejikunja ngumi, hulipenda hilo kuliko dawa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Leo nataka ile sindano ya kulegeza misuli."

"Tutamwuliza daktari. Ila hata ukichomwa, mazoezi hayaachwi."

Akaanza kukunjua dole gumba, polepole, akiimba chini kwa chini. Mara ngumi ikajifunga, kidole cha dada kimo ndani. Hakukivuta. Wazee wengine wakaingia. Akawaamkia mmoja mmoja, vivyo hivyo amenaswa. Sempele akacheka mpaka machozi. Kicheko kilipotulia, vidole vikalegea.

"Haya, mjukuu wangu," akasema kwa fahari, "nimekuachia."