Mrija wa Baba Kemilembe

Kokwijuka wa Kimwani alikata mirija ya kunywea rubisi, pombe ya ndizi, tangu usichana wake, na aliweza kukusimulia tabia ya mtu kwa kutazama tu jinsi alivyoutafuna mrija wake. Mumewe, Mushumbusi, aliutafuna wake kama muwa.

Shida ilianzia hapo. Zamani zile za Mwingereza, pombe hiyo haikumfikia mgeni kabla mwenye nyumba hajaionja, kibuyu kwa kibuyu. Wageni wengi, vibuyu vingi. Siku ya posa ya binti yao wa kwanza, Mushumbusi alionja kwa bidii hata akakubali kila alichoambiwa, kisha akasinzia begani kwa mkwe. Sasa wakwe wengine walikuwa njiani kutoka Hamugembe kumposa mdogo wake, Kemilembe, aliyebakiza mwaka mmoja kumaliza chuo cha ualimu.

"Baba atawaambia wanisubiri?" binti aliuliza.

"Atawaambia, akiwa macho."

Kumzuia asionje kungekuwa aibu. Basi Kokwijuka akakata mrija mwembamba, akaupamba kwa ukili wa rangi, na ndani akasindilia nyuzi za mgomba.

Wageni walipoketi, Mushumbusi akavuta. Mashavu yakabonyea, macho yakamtoka. Likaja tone moja.

"Eee waitu, jamani, mzee anavuta!" akasema Datius, msemaji wa wageni. "Huyu atatumalizia pombe!"

"Niache nionje, mkwe," akajibu akihema. Angewezaje kukiri kwamba ameshindwa na mrija?

Kufikia kibuyu cha nne alikuwa anagusa tu kwa midomo, anatikisa kichwa kama aliyeridhika, anakisogeza mbele. Datius hakuwa na taabu hiyo. Kokwijuka alikuwa amemchagulia mrija mnene kama kidole. Pumzi moja, kibuyu nusu.

Mushumbusi akasimama, wima kabisa. "Binti tumewapa. Lakini harusi ni baada ya masomo."

"Hata miaka miwili, baba!" akasema Datius, macho yamefumba nusu.

Shangazi wa bwana harusi akamfinya. "Mmoja! Mmoja unatosha!"

"Haya, mmoja," akasema Mushumbusi upesi, na vigelegele vikapigwa.

Wageni walipoondoka, akaupuliza ule mrija kwa hasira. Nyuzi zikaruka, zikatua mapajani mwa mkewe.

"Mama Kemilembe! Mashavu yananiuma."

"Pole, baba. Nikukatie mwingine?"

Akakitazama kibuyu kilichobaki, akajisugua taya.

"Kesho," akasema. "Leo nimechoka."