Pikipiki ya Abti Darajani

Kosa langu la kwanza katika mambo ya pikipiki lilikuwa kuinywesha maji. Nililikumbuka juzi, nilipomwona kijana wa bodaboda amekwama kwenye foleni, injini ikinuka oili iliyoungua.

Siku ile, nikiwa bado mtoto, mjomba wangu, abti, alikuwa akimkimbiza ayeeyo hospitalini Garissa kwa pikipiki yake. Nyanya yangu huyo alitetemeka kwa malaria, amejiegemeza mgongoni mwa abti, nami nimekaa juu ya tangi. Ilikuwa siku ya soko la mifugo. Darajani malori yalisimama, mbuzi wakajaa katikati yake, na joto la injini likaanza kuniunguza miguu. Abti akaizima, akatushusha, akachuchumaa kivulini mwa lori. Nilidhani amekata tamaa na kwamba ayeeyo angefia pale. Nilichojua ni kwamba ngamia akichoka hunyweshwa, basi nikachukua kibuyu cha maji ya ayeeyo nikaimwagia injini. Ikafoka mvuke.

“Waryaa! Unataka kuipasua?” Abti alininyang'anya kibuyu. “Chuma moto hakimwagiwi maji. Kinataka upepo tu.”

“Mwache,” ayeeyo alisema, meno yakigongana. “Yeye angalau amefanya kitu. Wewe umekaa tu kama mzee wa baraza.”

Abti alicheka. Mimi nililia mpaka mbuzi walipopungua, abti akaipiga kiki, injini ikanguruma. Ayeeyo alitundikiwa dripu jioni hiyo, akapona.

Baadaye nilijifunza ufundi mwenyewe. Siku hizi injini ikichemka naizima, nakaa kando yake, nasubiri. Kusubiri ndiko kulikonichukua muda mrefu zaidi kujifunza.