Nimeitengeneza bagi ya ami, ngamia wamekimbia

Leo nimetengeneza klachi, na mpaka sasa sijui kama nimetengeneza au nimeharibu.

Ami yangu wa Ibra, huku Oman, ana bagi, kigari cha mchangani cha kupelekea ngamia wake majani. Miezi sasa analalamika. Ukikanyaga mafuta injini inaguna tu, haichanganyi, na kilima cha mchanga inakipanda kwa kujikokota.

Nikatoka kwangu Nizwa asubuhi, nikaenda kwake, nikafungua klachi. Vile vyuma vidogo vya ndani vilikuwa vizito mno, vinaibana klachi kabla injini haijapata kasi.

Nikaweka vyepesi.

Wallahi ikakubali. Sauti juu, kilima inakipanda mbio. Ami kafurahi, kanipa mkono.

Tukaenda kwa ngamia.

Siku zote wakisikia bagi wanakuja wenyewe. Leo wamesimama, masikio juu, halafu wakatimua mbio. Wote saba, na mmoja ana mimba.

Ami kazima injini. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ile sauti yake umeiweka wapi?"

Nikamwambia, ami, ile haikuwa sauti, ulikuwa ugonjwa.

"Basi irudishie ugonjwa wake."

Sasa nimekaa mchangani, vyuma vya zamani mkononi. Jamani, nyinyi mngevirudisha?

Niambieni upesi, maana ami kashuka, anawafuata ngamia kwa miguu, na njia nzima anaguna vile vile ilivyokuwa ikiguna injini.

Na wanakuja.